Ndoo Tatu za Makaa ya Mawe

Treni ya saa tatu asubuhi ilipopita, Clem Hosking aliweka nyundo chini, akatoka hadi mlangoni mwa karakana yake, akaitukana. Aliitukana kuanzia kichwa hadi behewa la mwisho, na hiyo si kazi ndogo, maana treni za mji wetu wa Wirrabool zina urefu wa kilomita mbili, mabehewa zaidi ya mia, yote yamejaa makaa ya mawe pomoni. Zinapita hivyo kutwa kucha, zikielekea bandarini kwenye meli, na huko ng'ambo watu wanayeyushia chuma. Makaa bora duniani, hivyo ndivyo wenye mgodi wanavyojisifu. Na Clem, mhunzi, mtu aliyezaliwa juu ya makaa hayo na kuyapumua tangu utotoni, hakuwa na hata ndoo moja ya kuwashia moto.

"Nendeni," aliyaambia mabehewa. "Nendeni mkafie mbali."

Mnisamehe kama nasimulia kwa hasira. Sijui namna nyingine ya kuisimulia habari hii.

Clem alikuwa na miaka sabini na moja, mfupi, kifua kama pipa, kidole kimoja cha mkono wa kushoto hana. Alikuwa akifua mnyororo wa pete kumi na nne, kila pete nene kama mkono wa mtoto, wa kuzungushia jiwe la kumbukumbu mbele ya ukumbi wa mji. Kila pete ni mtu mmoja. Ni wale kumi na wanne waliokufa siku mgodi wa zamani ulipolipuka, miaka arobaini na sita iliyopita. Jiwe lingezinduliwa Jumamosi, wiki tatu mbele, na pete kumi na moja zilikuwa tayari zimening'inia ukutani.

Hizo kumi na moja alizifua kwa akiba ya zamani, magunia aliyoyabeba kutoka karakana ya mgodi ilipofungwa. Gunia la mwisho liliisha pamoja na pete ya kumi na moja. Zilibaki tatu, na hizo tatu hazikubaki mwisho kwa bahati mbaya. Watu kumi na mmoja walitolewa wakazikwa. Watatu hawakutolewa. Moto ulikuwa bado unawaka ndani, kampuni ikaamua kuuziba mlango wa mgodi kwa zege na nondo, wakaachwa humo humo mpaka leo. Mmoja wao ni Les Hosking, kaka yake Clem, tumbo moja. Na nondo za kuzibia mlango alizifua mhunzi wa mgodi, na mhunzi wa mgodi alikuwa Clem mwenyewe, kijana wa miaka ishirini na mitano. Mji mzima unalijua hilo. Hakuna anayelisema.

Kwa hiyo wanakamati wa kumbukumbu walipomjia na kumwambia, "Mzee Clem, usijitese, hizo tatu chomelea kwa umeme, nani atajua?", alichukua koleo la moto akawaonyesha njia. Pete ya kuchomelea ina kovu. Pete ya mhunzi haina: ncha mbili zinaingia motoni, zinatoka nyeupe, zinang'aa kama zinatoa jasho, nyundo inashuka, na zinakuwa chuma kimoja, hutaona zilipokutana. Jiko lake la gesi lilitosha viatu vya farasi, lakini chuma kinene hivyo halikukitoa jasho. Mkaa wa miti aliujaribu pia. Ni mzuri kwa kisu na jembe, ila kwa pete ile liliteketea gunia zima na chuma bado chekundu tu kinamtazama. Alitaka makaa ya mawe, yale yanayoyeyuka na kushikana motoni mpaka yanafanya pango dogo ambamo chuma kinakaa kama mkate ndani ya tanuri. Makaa yenyewe ni yale yanayopita mlangoni pake.

Akapiga simu kwa kampuni ya mgodi. Alizungushwa kwa watu wanne, na muziki katikati, mpaka akapata binti wa idara ya mauzo.

"Unahitaji kiasi gani, bwana?"

"Ndoo tatu."

"Samahani?"

"Ndoo. Hujui ndoo? Ya kukamulia ng'ombe. Tatu."

Binti alisikika akibonyeza vitufe. "Kiwango chetu cha chini cha mauzo ni tani elfu thelathini, bwana. Una utaratibu wa meli?"

Clem alimwambia utaratibu wa meli anao, meli imeegeshwa hapo nje ya choo. Akakata simu, akakaa akiitazama kama mbwa aliyemng'ata.

Kesho yake aliwasha gari lake akaenda getini mwenyewe. Kampuni ya sasa si ile ya zamani, ndivyo wanavyokwambia. Jina limebadilika mara nne, geti ni lile lile. Mlinzi alikuwa kijana mstaarabu mwenye kofia mpya.

"Mzee, huwezi kupita bila mafunzo ya usalama."

"Nimefanya kazi humu miaka ishirini na mbili, kabla mama yako hajaota meno."

"Sawa, mzee wangu, lakini cheti unacho?"

"Cheti ninacho hiki," Clem akainua mkono wenye vidole vinne. "Humu ndani kimebaki cha tano. Ukikiona kisalimie."

Kijana alicheka, na Clem angeweza kumpiga kwa kucheka, ila alijua kosa si lake. Nyuma ya kijana, mita mia tu, kulikuwa na mlima wa makaa mkubwa kuliko kanisa, na mashine inaumwagia maji usitimue vumbi. Clem aliutazama mpaka macho yakauma, akageuza gari.

Ndipo akafanya kosa ambalo mtu wa Wirrabool tu ndiye anaweza kulifanya. Alimpata muuzaji mmoja kusini, mbali, anayeuzia wahunzi wa kujifurahisha wikendi, akaagiza gunia, likaja kwa lori baada ya siku nane. Mhunzi wa mahali pengine akipata gunia geni anachota konzi moja kwanza, anaichoma pembeni, anaangalia kama inashikana. Clem hakupima. Maisha yake yote hajawahi kupima makaa, kama mvuvi asivyoonja bahari kujua kama ina chumvi. Kwake yeye makaa ni makaa. Alimimina, akawasha, akazungusha mpini wa mvukuto, akaingiza pete ya kumi na mbili.

Moto ulitoa moshi wa manjano wenye harufu ya yai viza. Makaa hayakushikana hata kidogo. Yalipasuka pasuka, yakawaka kwa ndimi ndefu za kipumbavu, yakaacha chini uchafu ulioganda kama kioo. Yalikuwa makaa ya kuchemshia maji, ya vichwa vya treni za mvuke za maonyesho. Kufikia hapo chuma kilikuwa kimeshanyonya ule uvundo, na chuma cha namna hiyo hakishikani. Clem aliona, lakini wiki moja na nusu tu ilikuwa imebaki, akajidanganya. Akaitoa pete, akaipiga, ikaonekana imeshika. Alipoitupa kwenye sakafu kuijaribu, ikafunguka mdomo.

Wakati ule hakutukana. Aliiokota pete kwa koleo, akaishika ikipoa, akaona jinsi ncha zilivyoachana, na hasira ikampanda kutoka miguuni. Alijikasirikia kwa kutopima, akamkasirikia na mwenye gunia. Lakini zaidi ya hapo ilimuuma kwamba nondo zile za kuzibia mlango alipewa makaa ya kuzifulia tele. Toroli baada ya toroli, msimamizi anamhimiza, "Chota, Clem, chota, usibane." Siku ile hakuna aliyemuuliza cheti wala meli.

Jumatatu ya wiki ya mwisho alichukua ndoo akaenda relini. Sio siri kwamba makaa yanadondoka kwenye kona ya daraja, mabehewa yanapoyumba. Watoto wa zamani wote tuliokota pale. Sasa kuna uzio na ubao wa onyo. Clem aliinua waya, akapita chini yake kwa tumbo, mtu wa miaka sabini na moja, akaanza kuokota. Alikuwa amefika nusu ndoo aliposikia gari linasimama.

Alikuwa Darryl Spence, mkaguzi wa reli. Farasi wa bintiye Darryl huvalishwa viatu na Clem.

"Clem," alisema Darryl kwa unyonge. "Yamwage."

"Sikusikii."

"Umenisikia vizuri. Kuna kamera juu ya daraja, wananitazama mimi na wewe sasa hivi. Yamwage, kaka, tusiponzane."

Clem alisimama, akajifuta magoti. "Niambie kitu kimoja, Darryl. Yakiwa ardhini, makaa haya ni ya nani?"

"Ya serikali."

"Yakiwa kwenye behewa?"

"Ya aliyenunua. Clem, jua kali."

"Yakishaanguka hapa?"

"Ya reli. Ya reli, mzee, basi."

"Na haya yaliyomo mapafuni mwangu ni ya nani? Daktari anasema yapo ya kutosha. Njoo na karatasi nikusainie uyachukue."

Darryl aliinama. Aliichukua ndoo mwenyewe, taratibu, akaimwaga kando ya reli kipande kwa kipande kana kwamba anamwaga mayai, kisha akaandika faini huku masikio yamemwiva kwa aibu. Clem aliichukua ile karatasi, akapengea kamasi mbele yake, akaondoka na ndoo tupu.

Mji wetu ni mdogo. Mpaka saa sita habari zilikuwa zimefika duka la mikate, saa tisa redio ya wilaya inatangaza kwamba mzee anayefua mnyororo wa marehemu amekamatwa na nusu ndoo. Watu wakapiga simu redioni wakatukana kampuni, wengine wakamtukana Clem. Yeye hakusikia. Alikuwa amekaa juu ya fuawe lake mikono imelegea, anawaza kumpigia mwenyekiti wa kamati amwambie waite fundi wa umeme. Kumi na moja zisizo na kovu, na tatu zenye kovu. Na watakaopata kovu ni wale wale watatu.

Mlangoni kukasimama mtu na fimbo.

Dulcie Hosking, mjane wa Les, alikuwa na miaka sabini na mitatu na hajaolewa tena. Yeye na Clem walikuwa hawajasemezana tangu siku mgodi ulipofungua mlango mwingine upande wa pili wa kilima, na Clem akachukua chakula chake akaenda kazini. Miaka arobaini na sita. Wakikutana dukani, mmoja anageuza kikapu. Alipokufa mke wa Clem, Dulcie alituma keki, haikuwa na jina.

"Shemeji," alisema sasa, na neno lenyewe lilitoka na kutu. "Nasikia umekuwa mwizi wa ndoo."

"Umesikia sawa."

"Na hukufanikiwa hata huo wizi."

"Umekuja kunicheka, Dulcie?"

"Sijapanda kilima na goti hili kuja kucheka. Washa gari. Chukua beleshi."

Clem alichukua beleshi akawasha gari. Walikwenda kwake. Nyumba ya Dulcie ni kama nyumba zetu nyingi, imeinuliwa juu ya nguzo, na uvunguni watu wanaweka kila kitu: baiskeli mbovu, mashine ya kufulia, mbwa. Dulcie aliinama, akapita kati ya nguzo hadi kona ya mwisho, akagonga rundo la mabati kwa fimbo.

"Funua."

Clem alifunua bati la kwanza, la pili. Chini yake palikuwa na makaa ya mawe, mabonge makubwa meusi yanayong'aa, karibu nusu tani, bila vumbi, kana kwamba yameletwa juzi. Alijua ni nini hata kabla hajayagusa. Zamani kila mchimbaji alipewa mzigo wa nyumbani, kila baada ya miezi mitatu, na desturi ilikuwa utoke sehemu anayochimba mwenyewe. Wanaume walikuwa wakisimama barabarani kutambua makaa yao.

"Mzigo huu waliuleta Jumanne," Dulcie alisema. "Les alisema atauingiza ndani Jumamosi. Alikufa Alhamisi. Nikauingiza mwenyewe kwa ndoo, nina mimba ya miezi saba. Sikuwasha hata bonge moja. Majira ya baridi yote yale nilichoma uzio."

Clem aliinua beleshi.

"Ngoja," Dulcie akasema. Sauti ilibadilika. "Kwanza unijibu. Nondo za mlango, nani alizifua?"

"Unajua."

"Sikuulizi ninachojua mimi. Nani?"

Jogoo wa jirani aliwika, treni ikaanza kuvuma mbali. Clem alitazama beleshi lake. Miaka yote hiyo alikuwa na majibu ya kila namna: kwamba alikuwa na watoto wawili wachanga, kwamba angekataa angepewa mwingine kazi hiyo, kwamba wahandisi walisema hakuna mtu hai ndani. Mengine ni kweli.

"Mimi," alisema.

"Sema vizuri."

"Nilizifua mimi. Ishirini na nne. Niliogopa kufukuzwa kazi. Nilizifua vizuri, Dulcie, kazi safi kabisa, ili msimamizi anisifu. Akanisifu."

Dulcie alimpiga kwa fimbo. Si sana, begani, mara moja, kama mtu anayemaliza shughuli iliyokaa muda mrefu. Kisha akashikilia nguzo ya nyumba, akahema.

"Haya," alisema. "Chota. Na nakuja nawe. Siwezi kukuacha peke yako na makaa ya mume wangu."

Siku mbili zilizofuata walifanya kazi pamoja bila maneno mengi. Dulcie alikaa kwenye kreti akizungusha mvukuto kwa mkono, na kila akichoka Clem anamwambia punguza, naye anamwambia funga mdomo wako upige chuma. Makaa yaliyeyuka, yakashikana, yakafanya pango, moto mweupe umetulia ndani bila moshi. Pete ya kumi na mbili ilishika kwa mapigo sita. Ya kumi na tatu ilishika. Clem alizitupa sakafuni kwa nguvu zake zote, zikalia kama kengele, hazikufunguka. Kila pete ikipoa, Dulcie aliitafuta mshono kwa kucha, hakuupata.

Alhamisi asubuhi pete ya Les ilikuwa motoni gari jeupe liliposimama nje. Alishuka mwanamke kijana nadhifu mwenye beji ya kampuni, afisa wa kuzungumza na wananchi, na nyuma yake mpiga picha. Wawili hao walibeba gunia jipya, jembamba, lenye nembo ya kampuni na utepe wa bluu shingoni.

"Bwana Hosking, habari za asubuhi," alisema yule mwanamke kwa sauti nzuri. "Tuliposikia redioni tuliumia sana. Kwa kweli kulikuwa na kutoelewana. Kampuni ingependa kutoa makaa haya bure kabisa kwa ajili ya kumbukumbu. Tungeomba picha moja tu, wewe na gunia, na labda jina la kampuni, dogo tu, pembeni ya jiwe."

Clem alikuwa ameshika koleo, na ncha ya lile koleo ilikuwa nyekundu. Sura yake ilikuwa imebadilika rangi. Mpiga picha alirudi hatua moja. Sijui Clem angefanya nini, na nadhani hata yeye hajui, lakini pete ilikuwa karibu kutoa jasho na mhunzi hawezi kuacha chuma wakati huo, hata nyumba ikiungua.

Dulcie ndiye aliyeinuka. Alifuta mikono kwenye aproni, akalitazama gunia, akashika utepe kwa vidole viwili vyeusi, akauachia.

"Wewe ni mtoto wa nani, mwanangu?"

"Mimi si wa hapa, mama. Nimetoka Brisbane."

"Basi si kosa lako. Lakini waliokutuma uwapelekee maneno yangu kama nilivyoyasema, usiyapambe." Nyuma yake Clem alikuwa amekitoa chuma, na nyundo ilishuka mara ya kwanza, cheche zikaruka hadi mlangoni. "Makaa tunayo. Les alinichimbia. Kama kweli wanataka kutupa kitu, waambie wanirudishie mume wangu."

Kisha akarudi kwenye kreti lake, akashika mpini wa mvukuto, akaendelea kuzungusha.